Yaya wa Wiki Sita

Watu wakisikia kwamba miaka yangu yote ya kazi niliitumia kuwatafutia watu mayaya, swali lao la kwanza huwa kama mimi mwenyewe niliwahi kuwa yaya. Sikuwahi. Nilikuwa na watoto wangu watatu na walinitosha. Kazi yangu ilikuwa kuketi kwenye meza moja hapa Malindi, katika kichochoro nyuma ya soko la zamani, nikimkutanisha mama anayehitaji mtu wa kumlelea mtoto kwa wiki tatu na msichana anayehitaji kazi kwa wiki hizo hizo tatu. Nimestaafu juzi, baada ya Idi. Vijana niliowaachia meza wameniomba niandike ninayoyajua kabla hayajanitoka kichwani. Ya vyeo na mishahara siandiki, maana cheo kilikuwa kimoja na mshahara wanaujua.

Mwenye afisi alikuwa Bi. Zuhura, Mbajuni wa Faza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Kabla ya mambo ya mayaya alikuwa fundi wa nguo za watoto. Kina mama walikuja kupimisha nguo za Idi na sare za shule, na katika kupima wakalalamika kwamba hawana wa kuwaachia wadogo. Bi. Zuhura akawa anawaelekeza kwa huyu na yule, mpaka akaona kwamba wanaokuja kuulizia mayaya wamewapita wanaokuja kushona. Hakuhama wala hakubadilisha chochote. Cherehani ilibaki katikati ya chumba cha mbele, na mikataba ya kwanza niliyoiandika ilikuwa imenasa vijiuzi vya kila rangi.

Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha kupiga taipu ndani ya bahasha, nimevaa buibui jipya. Bi. Zuhura hakukitazama.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba. Toka nje, keti benchini na wale wenzio. Usiwambie kuwa wewe ni wa afisi. Saa sita ingia unambie nani afaa."

Niliketi asubuhi nzima kati ya wanawake tisa. Saa sita niliingia nikamtaja msichana mmoja aliyejua kuzungumza vizuri, mwenye adabu, aliyekuwa amefanya kazi nyumba nne. Bi. Zuhura aliendelea kukanyaga cherehani yake. Akaniuliza kama msichana yule, katika kuzisifu nyumba zote nne, alimtaja mtoto hata mmoja kwa jina. Nikafikiri. Alikuwa ametaja zulia, televisheni na mbwa. Mbwa ndiye aliyekuwa na jina. Kazi alipewa mwingine, mwanamke kimya aliyekuwa amewasimulia wenzake jinsi mtoto aliyemlea, Tima, alivyokuwa akikataa ndizi mpaka amenyewe upande mmoja kwanza.

Usaili wetu, basi, ulifanyika nje. Ndani tulikuwa tukitazama vitambulisho tu na cheti cha daktari. Bi. Zuhura alikuwa pia na jaribio la birika. Kwenye meza ndogo karibu na benchi aliweka birika la chai, mpini umetokeza nje ya ukingo, kisha akamwachilia mjukuu wake acheze hapo. Birika halikuwa na kitu lakini wao hawakujua. Aliyenyoosha mkono akalisukuma ndani bila kuambiwa, na bila kukatiza mazungumzo yake, alikuwa amepata kazi nusu. Jaribio hilo lilitusaidia miaka kadhaa, mpaka habari zikaenea Malindi nzima hadi Gede kwamba kwa Bi. Zuhura unasukuma birika. Wakaanza kufika wanawake ambao husukuma birika kabla ya kutoa salamu. Tukahamia kwenye mkasi.

Kazi ya muda si sawa na kazi ya kudumu, na vijana wangu wasidanganywe na mtu. Yaya wa kudumu ana mwezi mzima wa kukosea na kurekebisha. Yaya wa wiki tatu hana hata siku mbili. Anaingia kwenye nyumba asiyoijua, mara nyingi na wenyewe hawaijui, kwa kuwa wameikodi kwa ajili ya likizo ya Desemba au Pasaka. Au ni nyumba ya daktari aliyeletwa Kilifi kushika zamu ya mwenzake. Au ni nyumba ambayo yaya wao amekwenda kwao matangani. Kasema siku tatu, na mwenye nyumba aliye na akili anaongeza saba mwenyewe. Katika hali zote hizo mtoto anakabidhiwa mgeni asubuhi, na jioni anatakiwa awe ameoga, amekula na hajaanguka.

Kwa hiyo tulikuwa na fomu, na mimi ndiye niliyeiboresha mpaka ikawa kurasa mbili. Yaya atalala wapi, na mlango wa hapo unafungwa kwa ndani au kwa nje. Siku yake ya kupumzika ni ipi. Je, kuna bwawa la kuogelea, na nani anamlinda mtoto yaya akiwa bafuni. Kipande nilichojivunia zaidi kilikuwa cha maneno ya mtoto. Kila mtoto ana kamusi yake. Nilimfahamu mmoja aliyeita maji "mma" na uji "kaka", na kabla ya fomu ile yaya wake alikuwa ameshinda siku mbili akimtafutia kaka yake kwa majirani. Mama mmoja wa Nairobi aliniambia hapo hana la kuandika kwa sababu mwanawe anasema maneno yote sawasawa. Yaya alipofika huko akakuta mtoto anaita kila kitu "gari".

Nilipata na wateja wa ajabu, lakini nitasimulia mmoja. Familia ilikodi nyumba Watamu yenye bwawa, wakaomba yaya mzuri kwa mtoto wa miaka miwili. Nilimpeleka mwanamke wa Kakuyuni ambaye hakuwa amewahi kuona maji mengi namna ile nyuma ya nyumba ya mtu. Alichofanya ni kuchukua leso yake ya kujifunga, upande mmoja akafunga kiunoni mwake, upande wa pili kiunoni mwa mtoto, na hivyo ndivyo walivyotembea wiki mbili. Mama alinipigia simu amekasirika, eti anaaibishwa mbele ya wageni. Nikamuuliza kama mtoto yu mzima. Akasema yu mzima. Nikamwambia basi tumshukuru Mungu, na kwenye faili ya yule yaya nikaandika "anafaa sana".

Somo la mwisho tulilowapa mayaya kabla ya kuwatuma lilikuwa la kuondoka, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Kwetu mtoto mdogo haagwi. Mama akienda sokoni anatoka kwa mlango wa uani, viatu mkononi, mtoto akiwa ameelekezwa kutazama kuku. Mtoto akiuliza, anaambiwa mama kaenda dukani, yuaja sasa hivi. Mamangu alinifanyia, nami nikawafanyia wanangu, na hakuna jirani aliyewahi kuona kosa. Mwanangu mkubwa, Athmani, nilimtoroka kila asubuhi kwa miaka minne ili niende kuwatafutia watoto wa watu mayaya. Leo ana ndevu, anakaa Mombasa, na akija kunitembelea huondoka bila kuaga. Naenda jikoni kumletea chai, nikirudi kiti kitupu. Kwa miaka mingi nilisema mtoto huyu hana adabu, na sikujua kaitoa wapi tabia hiyo.

Bi. Zuhura alikuwa ameufanya mwendo huo kuwa utaratibu wa afisi. Siku ya mwisho, begi lako litangulie nje mapema. Mlishe mtoto chakula cha mchana, mlaze. Akishalala fofofo mfunike leso yako uliyoivaa, harufu yako ibaki naye. Toka kwa jikoni. Usigeuke. "Mtoto asahau upesi," alikuwa akisema, na alisema kwa nia njema, kwa kuwa hakuweza kustahimili kilio cha mtoto. Mungu amrehemu, hilo ndilo jambo moja alilonifundisha ambalo lilikuwa baya, nami, niliyeachiwa afisi, nikalifundisha baada yake kwa miaka mingi bila kulitilia shaka. Wateja walitusifu. Walinipigia simu kusema yaya kaondoka hata hatukusikia mtoto kulia, nami nikaona kazi imekwisha vizuri.

Miaka minne kabla sijastaafu aliingia afisini mwanamume mmoja aitwaye Kazungu, mpishi wa hoteli huko Watamu. Alikuwa bado na mavazi meupe ya jikoni, kofia ameikunja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa miaka mingapi?"

"Minne. Msichana. Aitwa Sidi."

"Na mamake?"

"Alitangulia, mama. Miezi miwili sasa."

Nilimpa pole, nikaandika kwenye nafasi yake kwamba mama amefariki, nikaendelea na swali la mahali pa kulala. Kazungu alieleza kwamba mama yake mzazi angekuja kutoka Ganze kukaa nao moja kwa moja, ila alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na daktari kamkataza moshi, kuinama na kubeba kitu kwa wiki sita. Jirani aliyekuwa akimshikia Sidi naye alikuwa anahama. Alihitaji mtu wa wiki hizo sita tu.

Nilimpa Dama. Dama ni Mgiriama wa Vitengeni, wakati huo alikuwa na miaka ishirini na kitu, na katika mayaya wa muda wote niliowahi kuwatuma sijapata wa kumzidi. Hakuwa msemaji. Angeweza kuketi na mtoto saa nzima bila kumwambia fanya hivi, usifanye vile, na mtoto akawa ametulia. Nilikuwa na desturi ya kupiga simu siku ya tatu na siku ya kumi. Siku ya tatu Dama aliniambia Sidi anakula vizuri, anaoga, tatizo ni kwamba hataki kufunikwa leso. Akifunikwa anaruka kama kamwagiwa maji. Nikamwambia atumie shuka. Nilikuwa na watu watatu benchini wakinisubiri.

Wiki ya sita bibi alifika kutoka Ganze, jicho limepona. Dama alitakiwa kuondoka Jumanne, kwa sababu jioni hiyo hiyo kulikuwa na familia ya Nairobi inayofika Malindi na nilikuwa nimeshawaahidi yeye. Jumatatu akanipigia.

"Bi. Salma, huyu mtoto mimi siwezi kumtoroka."

"Kwa nini?"

"Kila siku aniuliza nitaondoka lini. Sijamjibu. Naomba nimwambie, nimuage."

"Ukimuaga atalia. Bibi yake katoka kwenye operesheni, atamuweza?"

"Na alie, Bi. Salma. Akilia si ataona ninavyokwenda?"

"Dama, kazi ni kazi. Kesho akishakula na kulala, toka."

Akasema, "Haya." Akafanya kama nilivyomwagiza, begi mbele, leso juu ya mtoto, mlango wa jikoni. Dama alikuwa ameona tatizo, akanieleza kwa adabu, nami nikamwamrisha. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko makosa yangu mengine yote, nayo si haba.

Ijumaa mchana Kazungu alinipigia simu kutoka kazini. Nyuma yake nilisikia sufuria na watu wakiitana.

"Mama, Sidi hataki kulala."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Aketi mlangoni, ajifinya mikono. Jana alisinzia hali amesimama, akaanguka, akapasua mdomo. Tumempeleka hospitali, hawakuona homa wala nini."

"Mmemuuliza?"

"Nimemuuliza. Asema, nikilala watu huondoka."

Nilikuwa na kalamu mkononi na nikaiweka chini. Nikamuuliza Kazungu swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ile ya kwanza, kwamba mama yake Sidi aliondoka vipi. Akasema maumivu yalimshika mkewe alfajiri, jirani akaleta tuktuk. Mkewe hakutaka mtoto aamshwe bure. Alimfunika Sidi leso yake, akasema kabla hajaamka nitakuwa nimerudi. Alifariki hospitali siku ile ile, kabla ya adhuhuri.

"Na wewe, Kazungu, kazini huondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, mama."

"Yeye amelala?"

"Amelala."

Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, masikio yakanichoma. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameona mambo matatu, mamake, babake na Dama, akayaunganisha na kupata jibu, na jibu lake halikuwa la kijinga hata kidogo. La tatu nilikuwa nimelipanga mimi, kwa simu, kwa dakika mbili.

Sikungoja Jumamosi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wale wa Nairobi, nikawaachia msichana wetu wa afisini awashikie watoto, nikamchukua Dama. Mama wa nyumba alisema hatatupigia simu tena, na kweli hakupiga. Dama aliposikia jina la Sidi aliingia ndani akatoka na begi.

Kazungu anakaa Timboni, hapo Watamu, vyumba viwili na kibaraza. Tulimkuta Sidi kwenye kizingiti, mgongo ameuegemeza kwenye mlango, mdomo umevimba, macho mekundu. Nyuma yake bibi ameketi kwenye kiti, miwani myeusi usoni. Sidi alimwita Hawe, ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Nilidhani mtoto atamkimbilia Dama. Hakuinuka. Alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Umetoka dukani?" akauliza.

Ndivyo alivyokuwa ameambiwa na Hawe, na Hawe aliambiwa na Dama, na Dama aliagizwa na mimi. Jibu la kawaida lilikuwa tayari mdomoni mwangu, kwamba naam, duka lilikuwa mbali. Dama alichuchumaa mpaka wakawa sawa.

"Sikwenda dukani," akasema. "Nilikwenda Malindi, kazini. Niliondoka ukiwa umelala na sikukuaga. Nilikosea."

"Nililala," Sidi akasema.

"Ndiyo, ulilala. Hata ungekuwa macho ningeondoka, Sidi. Kazi yangu hapa ilikuwa imekwisha. Si kwa ajili ya usingizi wako."

Hawe akavua miwani, akapangusa uso kwa ncha ya leso, kisha akanigeukia mimi, maana alijua nani mwenye afisi.

"Mwenzangu," akasema, "huyu mlimuacha na uongo wenu, na mimi mzee mzima nimeushika siku tatu. Kila akiniuliza namwambia dukani, dukani. Nimeona haya mbele ya mjukuu wangu."

Nikamwomba radhi. Nikamwomba na Sidi, jambo ambalo lilimshangaza kidogo, kwa kuwa hakunijua.

Tukapatana hivi. Dama atakaa mpaka Jumapili, na Jumapili baada ya chakula cha mchana ataondoka, Sidi akiwa macho. Dama akamwambia Sidi hapo hapo. Kazungu aliporudi kutoka kazini tukamwambia naye awe anamwamsha mtoto kila alfajiri kabla ya kutoka, amwambie anakwenda na atarudi wakati gani. Kazungu alisema atalia na majirani wote wataamka. Hawe akasema waamke, wana pa kwenda?

Jumamosi nilikuwa afisini peke yangu, na siku hiyo ndiyo fomu ilipopata swali ambalo vijana wangu wameniuliza mara nyingi lilitoka wapi. Mtu wa mwisho aliyeondoka katika maisha ya mtoto huyu, aliondoka vipi? Niliandika kwa mkono chini ya maneno ya mtoto. Somo la kuondoka nikalifuta lote. Mahali pake nikaandika kwamba yaya wa muda amwambie mtoto siku tatu kabla, aseme siku na wakati kwa namna mtoto anavyoelewa, baada ya chakula, kabla ya kuoga, amruhusu amsaidie kufunga begi akitaka, na atoke kwa mlango wa mbele. Akiulizwa kama atarudi, na harudi, aseme harudi. Wateja walilalamika na wataendelea kulalamika, kwa sababu hakuna anayependa kuanza au kumaliza likizo yake kwa kilio. Waacheni walalamike. Msilirudishe lile somo la zamani.

Jumapili nilikwenda Timboni tena. Sikuwa na kazi yoyote huko. Nilikwenda kwa kuwa miaka yote ile sikuwahi kumwona mtoto akiagwa na yaya. Mimi nilikuwa mezani, na habari zilinifikia kwa simu.

Walikula wali na mchuzi wa nazi, Kazungu alikuwa kazini. Dama akafunga begi. Sidi alimpa nguo moja moja, nyingine akazifunga yeye, zikawa mafundo tu. Tukatoka sote mpaka barabarani, mtoto kashika mkanda wa begi kama ndiye anayelivuta. Dama akamwambia naondoka sasa, sitarudi kufanya kazi hapa, nitakukumbuka. Akapanda tuktuk. Na hapo kikaanza kilio. Sidi alilala chini kwenye vumbi, akampiga Hawe mateke, akamwita Dama kwa sauti iliyowatoa watu madukani. Nilikuwa sijawahi kusikia kilio hicho, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakisikiki. Nilitaka kukimbia. Hawe alisimama tu pale juani, kashika mkono wa mtoto, akangoja, mpaka kilio kikapungua chenyewe kikawa kwikwi.

Tuliporudi kibarazani Sidi alimtazama bibi yake.

"Na wewe, Hawe, waondoka lini?"

"Mimi nakaa hapa. Siku nikitaka kwenda Ganze nitakwambia asubuhi, na tukiweza twende sote."

"Na huyu?" Alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole.

"Mimi naondoka leo," nikasema.

"Saa ngapi?"

Ilikuwa saa nane na nilitaka kuwa Malindi kabla ya alasiri. Nyumbani nilikuwa na wageni. Nikamwambia nitaondoka atakapoamka, na nitamwambia.

Alijilaza kwenye mkeka, macho kwangu. Akayafumba, akayafumbua, akanikuta. Akafanya hivyo mara nyingi, na kila mara alinikagua kwanza. Mara ya mwisho aliyafumba na hayakufunguka, mkono wake uliokuwa umekunja ngumi ukaachia.

Hawe alisubiri kidogo, akaninong'oneza. "Amelala. Usingizi wa siku tano huo, hataamka leo. Nenda zako, mwenzangu, usije ukakosa gari."

Nikamwambia nitangoja.

Tukakaa. Hawe alimenya muhogo, akanisimulia habari za jicho lake, jinsi alivyotolewa kitambaa akaona kwamba kuta za hospitali zimepakwa rangi mbaya. Nami nikamsaidia kumenya. Adhana ya alasiri ikapita, nikaswali hapo hapo ndani, nikarudi kuketi. Simu yangu ililia, nikaizima. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja Sidi alipofungua macho. Hakuinua kichwa. Alitazama kiti cha Hawe, kisha akanitafuta mimi.

"Sidi," nikasema, "naondoka sasa."

"Haya," akasema. Akageukia ukutani, akalala tena.